Mwaka Mmoja au Mitano

Mdogo wangu Kadiri alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, mchezo ambao sisi watu wa Gisenyi tuliuita basiketi tu. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kupakia mizigo katika boti za kampuni moja iliyosafirisha kahawa na abiria ziwani. Kazi yake ya kweli kila mtu aliijua. Jumapili alasiri watu walitoka sokoni, wengine wakaja kwa miguu kutoka Goma, wakazunguka kiwanja cha udongo nyuma ya bohari ya kampuni ili wamwone akiruka. Alipopaa na mpira hawakupiga kelele. Walinyamaza mpaka miguu yake iguse chini.

Sisi ni watoto wa Waislamu wa mjini. Marehemu baba yetu aliuza vitambaa, na shule ya mapadri hatukuiona ndani. Kadiri alijifunza basiketi akichungulia kiwanja cha misheni kutoka nje ya ua, mpaka padri mmoja alipokiona kichwa chake juu ya miti ya ua, siku baada ya siku, akamwita aingie. Akiwa na miaka ishirini kampuni ilimchukua kwa kontrata, yaani mkataba, ya mwaka mmoja, ikairudia mara mbili.

Mwezi wa sita mwaka 1955 alirudi nyumbani na karatasi mbili badala ya moja. Akaziweka juu ya cherehani yangu, juu ya gauni nililokuwa nikilishona.

"Dada Saidati, Bwana Verlinden anasema nichague," aliniambia. Bwana Verlinden alikuwa Mbelgiji, mkubwa wa kampuni pale Gisenyi, na ndiye aliyeianzisha timu. "Hii ni ya mwaka moja. Hii ni ya miaka tano. Jumamosi anataka jibu."

"Na iko tofauti gani?"

"Ya mwaka moja, nabaki vile niko. Ya miaka tano, wananipa nyumba ya kampuni. Ya matofali."

Niliacha kushona. Tulikuwa tunapanga vyumba viwili, mimi, yeye na mama, na chumba cha mama kilivuja. Mvua ikinyesha tulihamisha kitanda chake kutoka ukuta huu kwenda ule. Nilikuwa mjane bila mtoto, na nguo nilizoshona zilitosha chakula tu.

"Sasa unauliza nini?" nikamwambia. "Weka jina lako hapo kwa miaka tano, tuhame."

Kadiri alicheka, akakaa chini na kunyoosha mguu wake wa kulia. "Mutu akinunua ng'ombe anamuangalia meno, anamuangalia na miguu. Bwana hajaniangalia hata kidole. Mbona anataka miaka tano? Mi nataka kujua tu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Ukimpa kitu, anakigeuza kwanza aone chini kimeandikwa nini.

Kuhusu ule mguu, siri ilikuwa yetu wawili. Tangu Pasaka goti lake lilikuwa likivimba baada ya kila mechi. Jumatatu asubuhi alishindwa kuchuchumaa. Nilimkanda kwa kitambaa na maji ya moto, na mara mbili alikwenda Nyamyumba kuloweka mguu kwenye chemchemi za moto, akiwaambia wenzake kwamba anakwenda kumsalimu rafiki. Kwa hiyo mimi niliona jambo liko wazi. Goti likiharibika ndani ya kontrata ya mwaka mmoja, mwaka ukiisha tutakuwa hatuna kitu. Likiharibika ndani ya miaka mitano, bado tuna paa.

"Lakini kama goti likipona?" Kadiri aliuliza nilipomweleza hayo. Kulikuwa na timu ya bandari kule Usumbura. Walikuwa wamemwona akicheza, na mtu wao mmoja alimwambia mwaka kesho aende kwao. "Nikisaini miaka tano, Usumbura nitaenda nikiwa na miaka ishirini na nane. Nani atanitaka?"

Jioni ile alikuja jirani yetu Viateur, karani wa kampuni, ambaye ndiye aliyezipiga chapa zile karatasi za Kifaransa. Alitusomea ya miaka mitano polepole, akitutafsiria. Alipofika kifungu cha saba Kadiri akamsimamisha.

"Rudia hapo."

"Mfanyakazi atafanya kazi yoyote atakayopewa na kampuni, mahali popote ziwani."

"Yoyote?"

"Bon, ndivyo iko. Hata ya mwaka moja imeandikwa hivyo," Viateur akasema. "Lakini mwaka moja ni mufupi."

"Na basiketi imeandikwa wapi?"

Viateur aligeuza karatasi zote mbili, mbele na nyuma, ingawa alizipiga chapa mwenyewe. Neno basiketi halikuwamo popote.

Kesho yake Kadiri aliomba ruhusa, tukashika njia ya kando ya ziwa hadi Nyamyumba kwa Habiyaremye. Huyu ndiye aliyekuwa nyota wa timu kabla ya Kadiri. Alikuwa amesaini miaka mitatu, akavunjika kifundo cha mkono katika mwaka wa pili. Siku hizi alikuwa mvuvi, na mke wake Languida aliuza samaki. Tuliwakuta wanatandaza samaki wadogo juani. Kadiri hakuzunguka, akamuuliza kama anaijutia ile miaka mitatu.

Habiyaremye alifikiri, huku mkono wake uliopinda ukiendelea kutandaza samaki. "Nilipovunjika walinitia kwenye boti ya kuni. Kupakia kuni hapa, kushusha kule Kibuye. Nilitaka kuacha, wakaniambia mutu wa kontrata hatoki. Kwa hiyo ndiyo, najuta."

"Yewe! Usimudanganye mutoto wa watu," Languida akamkatiza. "Mwaka ule mutoto wetu aliugua, kampuni ikamupeleka kwa munganga. Ungekuwa nje, tungempeleka na nini? Mi sijuti hata siku moja."

Wakaanza kubishana wao kwa wao, na ilionekana si mara ya kwanza. Kadiri alisikiliza akiwatazama kwa zamu kama anayetazama mpira, na uso wake ulikuwa na furaha kabisa. Mimi nilichoka. Nilikuwa nimetembea saa nyingi kutafuta jibu moja na sasa nilikuwa na mawili.

Tulipoaga, Languida alitusindikiza mpaka njiani akiwa na sinia kichwani. Ghafla akauliza, "Na huyo Bwana wenu, yeye kontrata yake ni ya miaka ngapi?"

Tukatazamana. Haikuwa imetupitia kichwani kwamba hata Mzungu ana kontrata.

Nilipata jibu mimi, siku ya Alhamisi. Nilikuwa nikimshonea mke wa Bwana Verlinden, na siku hiyo nilimpelekea gauni lake. Alinipa kazi nyingine hapo hapo, mifuko mikubwa ya turubai ya kufungia mablanketi. Nikamuuliza kama wanasafiri.

"Si sasa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe. "Noeli ya mwaka kesho tunarudi kwetu, kazi ya Bwana hapa inaisha. Lakini mimi napenda kuanza mapema."

Nilitoka na turubai begani, nikapita barabara ya ziwani chini ya mivinje, nikihesabu miezi. Kumi na minane. Bwana Verlinden alikuwa anampa Kadiri miaka mitano, na yeye mwenyewe hana hata miwili. Atakayekuja baada yake huenda hajawahi kushika mpira. Kifungu cha saba kitabaki. Basiketi, ambayo haikuandikwa, itaondoka na mifuko ile ya turubai.

Nyumbani Kadiri aliniuliza, "Umesikia kitu kwa Madame?"

"Hapana," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka kwa sababu mama alikuwa amelala nyuma ya pazia na nilimsikia akikohoa. Usiku ule na asubuhi ya Ijumaa nilikaa na uongo ule. Nilijiambia kwamba nyumba ni nyumba hata mkubwa akibadilika. Nilijiambia pia kwamba yeye ni kijana, atavumilia kuni za boti, na mama hawezi kuvumilia mvua nyingine. Maneno hayo hayakuwa ya kijinga. Lakini baada ya swala ya Ijumaa Kadiri alirudi, akakaa mlangoni, akaanza kuchora mistari vumbini kwa kijiti. Mwaka mmoja upande huu, mitano upande ule, akiweka kijiwe kwa kila sababu. Alikuwa anatafuta kwa bidii kitu ambacho mimi nilikuwa nacho mfukoni. Sikuweza kumtazama.

"Anaondoka," nikasema. "Noeli ya mwaka kesho. Madame aliniambia jana."

Kadiri aliinua kichwa. Nilingoja hasira yake.

"Ulikuwa unataka ile nyumba kiasi hicho?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

"Kiasi hicho."

Alitikisa kichwa, akafuta mistari yote kwa kiganja. "Bon. Kesho nitamuuliza yeye mwenyewe. Na we utakuja."

Jumamosi asubuhi tuliingia ofisini. Viateur alikuwa mezani kwake kando ya dirisha, akijifanya anaandika. Bwana Verlinden alinishangaa mimi, kisha akatabasamu na kumpa Kadiri kalamu.

"Bwana, samahani," Kadiri akasema, "wewe unaondoka mwaka kesho. Kwa nini mimi nikae tano?"

Shingo ya Bwana Verlinden ilikuwa nyekundu siku zote, lakini sasa wekundu ule ulipanda mpaka masikioni. Nilidhani atatufukuza. Aliinuka akafunga mlango, akarudi akasimama dirishani, mahali ambapo nguzo za kiwanja zilionekana.

"Mkubwa atakayekuja simujui," alisema. "Pengine atasema timu ni upuuzi. Lakini akikuta kuna mutu iko na kontrata mpaka mwaka wa sitini, na nyumba tayari, na watu wanakuja kila Jumapili kumuona, ataona haya kuvunja. Unaelewa? Wewe ukibaki, timu inabaki."

"Kumbe mi ndiyo musumari," Kadiri akasema.

"Ndiyo. Musumari."

Mdogo wangu alifurahi. Naapa, alifurahi kama mtu aliyefungua kufuli gumu. Siku tano alikuwa akitafuta sababu, na sababu yenyewe haikuwa ujanja mbaya. Ilikuwa mtu anayependa kiwanja chake na anaogopa kukiacha. Nikadhani sasa atachukua kalamu. Badala yake alikunja suruali yake mguu wa kulia mpaka juu ya goti.

"Basi lazima ujue, Bwana. Huu musumari umepinda."

Bwana Verlinden aliinama, akalibonyeza goti kwa vidole viwili, akamwambia achuchumae. Kadiri alijaribu, akaishia nusu, akashika meza. Kisha Bwana alizichukua zile karatasi mbili, akaitia ya miaka mitano ndani ya droo.

"Nyumba siwezi tena," alisema. "Wakubwa wa kampuni kule Usumbura wataniuliza."

"Naelewa. Lakini hata mwaka moja sitaki hivi," Kadiri akajibu. "Nataka miaka miwili. Asubuhi nifanye kazi garaji, nijifunze mota za boti. Jioni nicheze, mpaka mguu ukatae. Na ukikataa, nibaki garaji mpaka miaka miwili iishe. Hiyo iandikwe. Na basiketi pia iandikwe, neno lenyewe."

Bwana Verlinden akageuka kwa Viateur. "Andika."

Njiani kurudi sikusema naye. Alijaribu kunichekesha, nikakataa. Tulipofika karibu na soko nikasimama katikati ya watu nikamwambia, "Ungenyamaza juu ya goti dakika moja tu, mama angelala pakavu."

"Najua, dada."

"Kwa nini basi?"

Alifikiri kweli kabla ya kujibu. "Yeye aliniambia yake yote. Ningesaini juu ya yangu nusu, kila nikiruka ningekuwa najiuliza leo ndiyo siku wanajua? Siwezi kucheza hivyo."

Ilinichukua wiki mbili kumsamehe. Msimu ule wa mvua tulimhamishia mama kitanda changu, nami nikalala chini karibu na cherehani.

Kadiri alicheza msimu mmoja mzima, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Kwa kuwa hakuweza tena kuruka kila mara, alijifunza kupiga kutoka mbali. Waliwafunga Bukavu kwao, na waliporudi kwa boti watu walijaa gatini. Mwezi wa tisa mwaka 1956, katika mechi na makarani wa Goma, goti lilikataa kabisa. Alitolewa kiwanjani amebebwa na watu wawili. Jumatatu alikuwa garaji, amekaa kwenye kigogo na mguu ameunyoosha, akisafisha vipande vya mota. Karatasi ilisema hivyo, na mkubwa mpya alipokuja mwezi wa kwanza aliisoma na hakubadili kitu.

Ile ya miaka mitano ilikuwa imetoka kwenye droo. Kabla ya kuondoka, Bwana Verlinden aliisaini na kijana mmoja kutoka Cyanzarwe, Twagirimana, mwenye miguu mizima. Mkubwa mpya hakupenda mchezo, nguzo zikang'olewa, kiwanja kikaanikwa kahawa, na Twagirimana akaenda kwenye boti ya kuni. Lakini anaishi kwenye matofali, na mke wake alizaa watoto wawili humo. Nikikutana naye sokoni huwa ananisalimu kwa furaha, na mimi hurudi nyumbani sijui kama nimwonee huruma au wivu.

Kontrata ya Kadiri ilipoisha, mwaka 1957, alikwenda Usumbura. Bandari ilimchukua kama fundi wa mota. Mwaka wa pili alituma nauli, nikamfuata na mama. Alitupokea akiwa na mafuta mpaka viwikoni, anachechemea kidogo, na kando yake alikuwa mchumba wake Mukagatare, ambaye hakuwahi kumwona akicheza na hakuonekana kujali. Mchana ule tulikula mukeke, samaki wa kule, wa kuchoma. Mama alikaa mahali pakavu karibu na dirisha akaanza kumuuliza Kadiri maswali, kama mwanawe alivyozoea kuuliza, juu ya meli kubwa zilizokuwa nje. Hii inakwenda wapi, ile imebeba nini, moshi ule unatoka wapi. Kadiri alimjibu kila moja mpaka chakula kikapoa.