Jiko la Juu

Tuliigawa nyumba yetu Jumatano asubuhi, kwa jiko moja la gesi, sufuria tatu na mwiko. Mwanangu Waqas alivipandisha vyombo ngazini huku akihema, nami nyuma yake nikimhimiza, "Fanya haraka bwana, afisa atatukuta!" Chumba cha juu, anacholala yeye na mkewe, kikawa eti nyumba ya watu wengine.

Msinione mwongo wa kuzaliwa. Hapa Multan, Pakistan, kila mlipa umeme anaijua hesabu: usipozidi uniti mia mbili kwa mwezi, serikali inakubebea sehemu ya bei, ukizidi hata kwa uniti moja, nafuu inakuponyoka miezi sita mizima. Na Juni yetu haina mzaha, kuta zenyewe zinatoa joto. Bila feni, kikongwe kama mimi anazikwa. Kwa hiyo mtaa mzima umejifunza dawa yake: nyumba moja, mita mbili. Ila mita ya pili haitolewi hivi hivi. Lazima afisa wa umeme aone jiko la pili, na aridhike kwamba wenye nyumba hawali pamoja.

Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa nayo siku ile, kumwonyesha mgeni kwamba tumefarakana.

Afisa mwenyewe alikuwa kijana mpole, faili kwapani. Alipanda juu, akaligusa jiko kwa kiganja, akafunua sufuria moja moja.

"Hapa hapajapikwa kitu," alisema. "Mama, mnanichezea?"

Waqas akababaika. Uongo haujui mwanangu huyu. Tangu utotoni akijaribu tu, masikio yanamwiva. Nikaiona mita yetu inakwenda zake. Nikaingilia kati.

"Watapika saa ngapi hawa? Wananunua vya sokoni, wanakula mlango umefungwa, na mimi mjane niko chini na chapati kavu! Mkwe gani huyu? Nikimwomba maji ya kunywa, mpaka ajisikie!"

Afisa akatoa kalamu. Ningeishia hapo. Wallahi ningeishia hapo, maana mita ilikuwa imeshapatikana. Lakini ulimi ulikuwa umenoga.

"Na nyumbani kwangu alikuja na nini? Masanduku mawili! Baba yake hakumpa hata feni. Majirani wakaniuliza, nikakosa pa kuuficha uso wangu!"

Huku kwetu bibi harusi hutarajiwa kuja na vyombo alivyonunuliwa na baba yake, na hayo sikuyatunga. Nilikuwa nimeyafungia kifuani miaka saba, tangu siku ya harusi, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia.

Mehnaz, mkwe wangu, alikuwa amesimama ngazini, mikono ina unga hadi viwikoni. Alikuwa akikanda unga wa chapati zetu sote kule chini. Baba yake alikuwa hamali wa soko la nafaka. Alifariki mwaka jana, na binti huyu alimlilia jikoni, sufuria ikiwa motoni, ili mimi nisikose chai yangu. Aliniangalia kidogo, kisha akateremka.

"Basi mama, yatosha," afisa alisema. Akaandika upesi upesi, akaondoka bila kututazama usoni.

Waqas akaangua kicheko. "Lo, Mama! Wewe ulistahili televisheni! Mehnaz, umemsikia Mama?"

"Nimemsikia," mkewe alijibu kutoka chini. "Ameigiza vizuri sana."

Nikamfuata jikoni. "Mwanangu, yale yalikuwa maneno ya kumridhisha yule mtu tu."

"Najua, Mama."

Alikuwa akilikata donge la unga kwa kisu. Nusu aliiacha kwenye sinia, nusu akapanda nayo juu.

Jioni nikasikia harufu ya vitunguu ikitoka huko. Waqas akashuka, macho chini. "Anasema afisa akirudi ghafla, asitukute waongo. Siku chache tu, Mama."

Siku chache zikawa mwezi na zaidi. Mita ya pili ikawekwa, bili ya kwanza ikaja: upande wangu, uniti arobaini na mbili. Majirani wakanipongeza, wakaniuliza nilimwambia nini yule afisa hata akakubali. Nikajifanya sisikii. Nilikuwa nakula peke yangu.

Jana nilipanda juu. Njia nzima ya zile ngazi nilikuwa nikilipanga neno langu: nisamehe, nilikukosea wewe na marehemu baba yako. Mehnaz aliinuka mara aliponiona, akaweka mtandio wake sawa, akanifutia kiti.

"Karibu, Mama. Keti."

Akabandika chai. Nikaketi, neno langu ningali nalo. Chai ilipochemka aliimimina, akanigeukia, mkebe wa sukari mkononi, uso una tabasamu la adabu.

"Nikutilie vijiko vingapi, Mama?"

Miaka saba ameniandalia chai kila alfajiri.

"Viwili," nikamjibu, nikiiangalia miguu yangu.