Timu Yahamia kwa Chiriku

"Meza kwanza, bi mkubwa, halafu ndiyo unicheke," Chiriku alimwambia mamake huku akimnywesha dawa kwa kijiko, viatu vya kazini tayari miguuni.

Ilikuwa Jumatatu ya agizo: waandishi na wapimaji wote wa programu za kompyuta waanze kufika ofisini, asiyefika ajihesabu hana kazi. Mama amepooza upande mmoja. Jirani aliyeahidi kukaa naye alikuwa amepiga simu alfajiri: "Samahani mwanangu, nimepata kibarua."

Miaka miwili, tangu waajiriwe, Chiriku na wenzake watatu walifanya kazi kila mtu kwake, laini ya simu wazi kutwa. Huku sufuria inafoka, kule mtoto analia, na aliyekwama anapaza sauti tu, "Jamani, nimezama!" anaopolewa. Umbea nao haukukosa. Maduka ya dawa yanayotumia programu yao hayajalalamika hata siku moja. Lakini meneja alikuwa na wimbo mmoja: "Ofisi nimeikodi, viti vimekaa vitupu!"

Chiriku akavua viatu. Akafungua kompyuta aandike barua ya kuacha kazi.

Mlango ukagongwa. Mzee wa Kupima, anayejaribu programu kabla hazijatoka, alisimama kakumbatia kompyuta yake. Nyuma yake wale wenzao wawili: Twiga, kainama asigonge kichwa, na Mama Pacha akihema.

"Tulikusikia alfajiri kwenye laini, jirani alipokuacha. Tumekuja kazini," alisema Mama Pacha. "Meza iko wapi, shoga?"

Mama akacheka kitandani. "Wageni wote hawa, nami sijachana nywele!"

"Usijali, shangazi, hata sisi ndiyo kwanza tunaonana leo," alisema Twiga. "Kwa sauti ile, nilidhani Mzee ni pande la mtu!"

Mara meneja akapiga simu ya video. Akaona meza imejaa.

"Ulitaka tukae pamoja, bosi," alisema Mzee. "Tumekaa."

"Ofisini, nilisema!" Kisha akalainisha sauti. "Sikilizeni. Mwenye kosa ni Chiriku peke yake. Nyinyi watatu njooni, hata mkichelewa nitawahesabu mpo."

Chiriku alimtazama Mama Pacha, akawakumbuka watoto wake wawili wa shule.

"Nendeni, jamani," akanong'ona. "Mna watu nyuma yenu."

Hakuna aliyeinuka. Mzee akavuta kiti mbele ya kamera.

"Bosi, tuhesabu sote wanne hatupo," akasema, kisha akamgeukia Chiriku. "Haya, ile kasoro ya Ijumaa tuliiachia wapi?"