Picha ya Jicho la Mwalimu

Mwalimu mkuu alimpeleka baba yake kupimwa kwa hasira, si kwa huruma. Mzee, fundi cherehani aliyestaafu, ndiye aliyelaumiwa kwa kila kilichopotea nyumbani: rimoti, miwani, na mwisho funguo za ofisi ya shule. Siku ya funguo, Mwalimu alimfokea mbele ya wajukuu: "Baba, akili zimekuishia. Usiguse tena vitu vyangu!" Mzee alimtazama tu, akaenda zake chumbani.

Kwenye kliniki ya macho, daktari alikuwa na utafiti. Alipiga picha sehemu ya nyuma ya jicho na kupima damu, akitafuta dalili za mapema za ugonjwa wa kusahau. Mzee aliweka kidevu kwenye mashine, akaambiwa asipepese.

"Nimetunga uzi kwenye sindano miaka hamsini," akasema. "Jicho hili halina papara."

Daktari akacheka, akamgeukia Mwalimu. "Na wewe je? Tunahitaji ndugu wa damu, tulinganishe."

"Mimi mzima kama chuma," alijibu, lakini akakubali.

Wiki tatu baadaye waliitwa. Daktari alimwuliza Mwalimu kama angependa kusikia majibu yake faraghani.

"Sema tu hapa hapa. Tatizo tunajua liko kwa nani."

Majibu ya mzee yalikuwa mazuri kwa umri wake. Ya Mwalimu yalikuwa na walakini: tabaka la nyuma ya jicho limeanza kuwa jembamba, na protini moja kwenye damu iko juu. "Hii pekee si uthibitisho," daktari akasema taratibu. "Tutapima zaidi. Lakini niambie, umekuwa ukisahau?"

Mwalimu alihisi uso unawaka. Alikumbuka Jumatatu aliyowahutubia wanafunzi jambo lile lile mara mbili, wakacheka chini chini. Hakuthubutu kumtazama baba yake.

Walipofika koridoni, ndipo yalipomtoka. "Baba, zile funguo zilipatikana kesho yake. Nilizitia mwenyewe kwenye kabati la chaki. Sikukuambia."

"Najua. Karani wako aliniambia."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningekuvua nguo mbele ya watoto wako?"

Jioni hiyo Mwalimu aliwakusanya watoto sebuleni, mzee akiwepo. Alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. "Babu yenu nilimsingizia," akasema. Mdogo wao akauliza, "Umeshamwomba msamaha?" Akamwomba pale pale, macho chini. Mzee akaitikia kwa kichwa, bila kusema nimekusamehe wala sijakusamehe.

Mwezi uliofuata walirudi kliniki kwa vipimo zaidi. Mama mmoja kwenye benchi akamwambia Mwalimu, "Hongera mwanangu, watoto wanaowajali wazazi wao siku hizi wamebaki wachache."

Mwalimu akatamani ardhi ipasuke. "Hapana, mama," akasema. "Yeye ndiye amenileta mimi."