Mkasi Ukishauma

Uledi alikuja na futi, ila si ya kupimia nguo. Alikuja kupima chumba. Aliivuta kutoka mlangoni mpaka chini ya dirisha, akasoma, akaguna, akaivuta tena upande wa pili, akipita katikati ya mabinti kama anayepita katikati ya magunia. Alikitaka kile chumba cha juu kiwe stoo ya mabegi anayouza.

Chumba hicho ndicho Mboni alichoendeshea mafunzo ya ushonaji, juu ya duka la kanga la Bi Hind, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Kilikuwa na cherehani zilizopangwa ukutani, meza mbili za kukatia zilizotandikwa blanketi kuukuu, pasi yenye waya uliofungwa kwa utepe wa gundi, na dirisha ambalo ukilifungua tu unawasikia wauza mitumba wakinadi, bei unaijua kabla hujashuka ngazi. Mwenye chumba ni Bi Hind, na Bi Hind alikuwa amechoka.

"Mboni mwanangu," alikuwa amemwambia, "wasichana wanaingia, wanatoka, gauni sijaliona. Kila nikipanda nakuta walimu wako wanazozana. Nionyeshe mafunzo yanayojua yanakokwenda, ama nimpe Uledi chumba chake."

Nao walimu walikuwa wanazozana kweli. Mwalimu Tarsis, mtu mzima mwenye mvi na sindano mbili daima kwenye ukosi wa shati, alitaka mtaala wao upangwe kwa mada, moja baada ya nyingine. Kwanza kitambaa: nyuzi zake, uso wake na mgongo wake. Kisha sindano ya mkono. Kisha cherehani, kuifungua na kuifunga. Kukata nguo, mwisho kabisa. Mwalimu Severa, binti mwembamba mwenye maneno ya haraka, yeye alitaka waanzie mwisho. "Tujiulize msichana akitoka hapa atajua kufanya nini," alisema. "Tukishajua, turudi nyuma hatua kwa hatua tuone afundishwe nini ili afike." Alikuwa amezunguka madukani kuuliza, akaambiwa gauni la kitenge ndilo linalotoka. Basi masomo yake yote yakaelekea kwenye gauni la kitenge, na lisiloelekea huko akaliacha.

"Wako watapakua pilau bila kujua moto unawashwaje," Tarsis alimtania, utani wenye mwiba.

"Na wako, mzee wangu, muhula mzima wanapuliza moto. Sufuria hawajaiona!"

Mboni alishindwa kuchagua. Akawagawa mabinti nusu kwa nusu, kila mwalimu afundishe kwa njia yake, na mwisho wa muhula waone. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuona. Bi Hind alileta doti mbili za kanga za aina moja, za mwisho dukani, zishonwe magauni ya wajukuu zake wawili. Arusi ilikuwa Ijumaa, Ilala, na nyingine kama hizo hazikuwepo. Kwa Severa alisimama Lucky. Kwa Tarsis alisimama Amira.

Mboni akaweka sharti mbele ya wote: "Mwalimu asifungue mdomo mpaka gauni liishe. Nataka kuuona mtaala, sio mwalimu."

Sharti zuri ukilisikia. Na hapo ndipo alipokosea.

Amira alianza kwa kupitisha kiganja juu ya kanga kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Akazifuata nyuzi za kitambaa, akaitenganisha doti, akapiga pasi, akalisoma jina la kanga: RADHI YA MAMA NI DIRA. Akazitandika kanga zote mbili jina likiwa upande wa miguuni. Kisha akachora bega, akalifuta, akachora tena. Gauni hajawahi kukata maishani mwake.

Lucky alikuwa ameshafika mbali. Kanga mbili, moja juu ya nyingine, zimekunjwa katikati, kiuno kimechorwa, shingo imechorwa, mstari mmoja mmoja usiorudiwa.

"Shosti, wewe utakata kesho kutwa?" alimwuliza Amira.

"Kata wewe, dada. Mimi bado napima."

"Pima tu. Arusi itakusubiri."

Mabinti wakacheka. Severa naye akatabasamu, mikono nyuma. Bi Hind alikuwa amewapa mgongo, anabishana na Uledi kama mlango upanuliwe au mabegi yapite hivyo hivyo.

Mboni ndiye aliyemwona Tarsis. Mzee hakuwa anamtazama Amira wake. Macho yalikuwa kwenye meza ya Lucky, yameganda, na mfupa wa taya ulikuwa unapanda na kushuka. Halafu akayainua macho kwenye feni, akayaacha huko huko.

Mtu haangalii feni iliyokufa bila sababu. Mboni akapeleka macho pale mzee alipoyatoa.

Kanga ya juu ilikaa sawa, jina chini, palipo pindo la gauni. Ya chini ilikuwa imegeuka. Kwenye ncha iliyochungulia, herufi zilionekana shingoni, kichwa chini miguu juu. Vitenge walivyojifunzia havikuwa na juu wala chini, unavitandaza upendavyo. Lucky hakuwahi kufundishwa kutazama, kwa kuwa kwenye gauni la kitenge hakukuwa na cha kutazama. Nyuma ya gauni hili jina la mama lingekatwa shingo.

Sasa aseme? Sharti ni lake mwenyewe, na Bi Hind yupo pale pale na Uledi na futi yake. Akisema, ametangaza kwa mdomo wake kwamba nusu ya mafunzo imeanguka. Alisita kiasi cha kumeza mate tu.

Mkasi ukauma.

"Lucky, acha!"

Lucky akaachia mkasi, ukaanguka juu ya blanketi. Bi Hind akageuka, akaja taratibu, akainua kanga ya juu. Ya chini ilikuwa imechanika katikati kabisa, kwenye neno MAMA.

"Hii ndiyo dira mnayowapa?" aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. Severa aliziba mdomo kwa viganja. Uledi akaanza kuikunja futi polepole, kama mtu aliyekwishapata jibu.

"Bi Hind, kosa ni langu," alisema Mboni. "Niliwafunga watu midomo. Nipe mpaka alasiri."

Hakungoja jibu. "Amira, njoo. Sindano ya mkono unaijua?"

"Hiyo ndiyo tuliyoshika muhula mzima, mama."

"Basi ishike."

Amira alichomoa nyuzi kwenye ukingo wa kanga yenyewe ili rangi isimsaliti, akauvuta mpasuko uzi kwa uzi, juu, chini, juu, chini, pumzi ameibana. Hakuna aliyecheka tena. Alipokata uzi kwa meno, Mboni akaigeuza ile kanga, jina likarudi miguuni, akamwambia Lucky akate. Lucky alikuwa analia.

"Siwezi, mama. Nitaharibu tena."

"Mwenzako hajawahi kukata. Wewe umekata mengi. Amira ataweka mkono pa kutazama, wewe utapitisha mkasi."

Ndivyo walivyofanya, kwa gauni la kwanza na la pili. Kila Lucky alipofungua mkasi alimtazama Amira kwanza, na Amira aliitikia kwa kichwa.

Adhana ya alasiri ilikuta magauni yametundikwa. Bi Hind akapitisha kidole kwenye pindo la nyuma, herufi kwa herufi. Kwenye MAMA kidole kikasimama.

"Napasikia," alisema.

Mboni akasogea karibu.

"Lakini arusini watatazama, hawatapapasa." Akalikunja gauni. "Uledi baba, nenda kaulizie chumba upande wa Mtaa wa Sikukuu. Hawa nawapa muhula mmoja. Mmoja, Mboni. Na ugomvi nisiusikie ngazini."

Walipobaki, Severa alishika karatasi zake kama anataka kuzichana. "Niliuliza wanunuzi wanataka nini," alisema. "Sikuuliza kitambaa kinataka nini."

"Usichane. Tutaanzia mwisho, kama ulivyosema. Ila tukirudi nyuma tutauliza pia ni wapi panapoharibika, na hapo pote tutaweka somo la mzee." Kisha Mboni akamgeukia Tarsis, aliyekuwa anazungusha sindano ukosini. "Uliona."

"Niliona."

"Ukatazama feni."

"Sharti uliliweka wewe, Bi Mboni."

"Niliweka mimi, ndiyo. Na mimi nilisita. Lakini wewe uliona kabla yangu."

Chini, wauza mitumba walikuwa wameanza kuteremsha bei za jioni.

Mboni alichukua chaki, akaandika kwenye ubao, polepole, kwa mwandiko wake mkubwa: Somo la kwanza. Anayeona kosa aseme kabla mkasi haujauma, hata kama kitambaa si chake.

Akamkabidhi Tarsis ile chaki.

"Hili utalifundisha wewe," alisema. "Jumatatu. Na mbele kabisa nitakaa mimi."