Mkono wa Ndalahwa

Mboni alianza kusafisha picha Kirumba kabla hajaolewa. Chumba chake cha giza kilikuwa nyuma ya studio, chembamba, chenye taa nyekundu na harufu ya dawa iliyomfuata mpaka kitandani. Siku hizi dawa hizo zilimkaba kifua na kumpasua vidole, na daktari alishamwambia waziwazi aache. Mumewe, Bilali, alimletea printa ya picha nyeusi na nyeupe, yenye wino usiopauka. Ilikaa mezani imefunikwa kitenge.

Ndipo akaja Dorotea, mjane wa Misungwi, na picha ya marehemu mumewe, Ndalahwa. Paa lilikuwa limevuja, picha ikaota ukungu usoni.

"Watoto wote wanaitaka," alisema. "Na mimi nataka ya kudumu."

Picha ile aliipiga Mboni mwenyewe, na negativu alikuwa nayo bado. Akaingia tena chumba cha giza, maana aliujua weusi wa lile koti la Ndalahwa na hakuamini mashine ingeuweza. Sura ilipoanza kujitokeza ndani ya beseni, kikohozi kikamshika. Bilali alipofungua mlango alimkuta ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, na mwanga umeshaiharibu karatasi.

"Inatosha, mama Raya," alisema Bilali.

Hakubishana. Nguvu ya kubishana hakuwa nayo.

Walifunua printa, wakaipiga skana ile negativu. Picha ya kwanza ilitoka na ukijani. Iliyofuata, koti likawa kama majivu. Mboni alizima rangi zote akabakiza wino mweusi na wa kijivu, akabadilisha karatasi, akangoja, akatazama, akachana. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa tu, lakini ilimchosha kuliko kubeba ndoo za maji ya kusuuzia. Mwishowe ikatoka moja iliyo safi. Weusi wake haukuwa ule. Akaiacha hivyohivyo.

"Shikamoo, mama," Mboni alimwamkia Dorotea aliporudi.

"Marahaba, mwanangu."

Dorotea aliipeleka picha mlangoni penye mwanga, akaiinamia. Mboni alisogea aone kinachomzuia. Mkono wa kushoto wa Ndalahwa, uliokatwa vidole na mashine ya kuchambua pamba, ulionekana wazi juu ya goti. Ndalahwa aliuonea haya. Siku ya kupigwa picha aliomba ufichwe, na wakati wa kusafisha Mboni aliuongezea mwanga, maana karatasi ya picha hugeuka nyeusi inapopigwa na mwanga, mpaka ukazama kwenye weusi wa koti. Safari hii, kwa uchovu, alisahau.

"Nisamehe, mama. Naweza kuufunika."

"Uufunike kwa nini?"

"Mwenyewe hakutaka uonekane."

"Kwa watu, ndiyo. Mimi nimeishi nao." Dorotea alipitisha kidole hewani juu ya picha, bila kuigusa. "Huu ndio uliotulimia. Watoto nao wauone. Toa nyingine kama hii."

Mboni akaweka karatasi. Printa ikaanza kwenda na kurudi, polepole, nao wakakaa kwenye benchi wakiitazama. Dorotea alipoondoka na bahasha yake kuelekea Nyegezi kupanda basi, Bilali aliuliza kama zile dawa zilizobaki amwage.

"Usimwage ovyo," alisema Mboni. "Tafuta anayezitaka."

Hakungoja jibu. Alifunga mlango wa studio mchana ule, akaingia ndani, akalala.