Wiki Sita za Kunyamaza

Sauti ya Chiriku ilikatika Jumatatu asubuhi, katikati ya tangazo la magodoro. Alikuwa ndani ya kabati la nguo, maana humo ndimo alimorekodia, amebanwa na makoti yanayozuia mwangwi, akisema kwa mara ya kumi na moja, "Lala kama mfalme, amka kama..." Pakatoka mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Akajaribu tena. Safari hii ikatoka hewa tupu.

Mama yake alikuwa sebuleni akifunga kamba za viatu aende kazini. Alisikia kimya, na kimya cha mtoto yule hakukizoea. Jina lenyewe la Chiriku alipewa na majirani tangu ana miaka mitatu, kwa sababu alikuwa haachi kusema hata akiwa na tonge mdomoni.

"Umesinzia humo?"

Kabati likafunguka. Akatoka binti wa miaka ishirini na sita, spika za masikioni zikining'inia shingoni, mkono kooni, macho yamemtoka pima.

"Nilikwambia!" mama akaanza, kama mama wote wanavyoanza.

Na kweli alimwambia. Miaka minne binti huyu alikuwa akijiendesha mwenyewe kwenye muziki. Kampuni moja iliwahi kumtaka. Akausoma mkataba wote mpaka yale maandishi madogo ya chini, akaurudisha, akasema hawezi kuzaa nyimbo halafu zikaitwa kwa jina la ukoo mwingine. Tangu hapo mtunzi ni yeye, mwimbaji yeye, fundi wa kurekodi yeye, mchora mabango yeye, mbeba spika yeye. Ijumaa hotelini, Jumamosi harusini, Jumapili anaitikia nyuma ya waimbaji wengine, katikati ya wiki ni matangazo: magodoro, sabuni, dawa ya mende. Nyimbo zake mwenyewe aliziimba kwa sauti iliyobaki. Mama akimwambia apumzike, jibu lilikuwa lile lile: "Mama, kampuni nzima imo kwenye koo hili. Mwenyewe nikilala, nani afungue ofisi?"

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii na akae macho. Aliyeajiriwa ana bosi wa kumwomba ruhusa, hata kama bosi mwenyewe ni mkali. Huyu angemwomba nani?

Daktari wa koo, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alimpitishia Chiriku kijibomba chenye kamera puani, akawageuzia skrini waone wenyewe. Nyuzi mbili nyeupe za sauti zilikuwa zikicheza, na kila mmoja ulikuwa na kinundu mfano wa punje ya mchele.

"Ni kama sugu za mkono wa mtu wa jembe," daktari akasema. "Wiki sita. Husemi, huimbi, wala hunong'oni. Na usidhani kunong'ona ni nafuu."

"Na asiponyamaza?" mama akauliza.

"Vitakomaa, tutapasua. Na nikishapasua, siahidi sauti itakayotoka ni ya nani."

Chiriku akachukua kalamu mezani kwa daktari, akaandika nyuma ya kadi yake: *Onyesho ni wiki ya saba.*

"Ukitulia, huenda ukaimba. Kidogo. Wiki ya sita uje nikuangalie."

Maneno haya ya mwisho mama hakuyasikia. Alikuwa bado kwenye kupasua. Neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki, na alitoka hospitali nalo.

Onyesho lenyewe lilikuwa kwenye ukumbi mkubwa wa mjini. Kila mwaka mwandaaji alichagua wanamuziki saba wasio na kampuni, na waliopanda jukwaa lile waliitwa miji mingine mwaka mzima. Chiriku alishaomba mara tatu. Safari hii jina lake lilikuwa kwenye orodha, limebakiza jambo moja tu. Mwandaaji yule alishaumwa na watu wanaojifanya wasanii kwa maandishi, kwa hiyo ujumbe hakuutaka wala barua. Alisema atampigia kila mmoja kwa wakati wake, ausikie mdomo wa mwenyewe ukisema ndiyo.

Simu ya Chiriku ikahamia kwa mama, kwa sababu siku ya kwanza tu ilipolia binti aliidaka na kusema "Halo" kabla hajakumbuka. Akampa mama daftari lenye maagizo ya herufi kubwa: *AKIPIGA MWAMBIE WEWE NI MAMA YANGU. KOO LINAPUMZISHWA. NITAPONA. NIMEKUBALI.* Chini yake akapiga mistari mitatu.

"Nimeelewa, mimi si mtoto," mama akasema.

Mama alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Kutwa yupo nyuma ya pasi ya mvuke, mashati yakishuka upande huu yamekunjamana na kutoka upande ule yamenyooka. Mwenzake, mwanamke mnene mcheshi ambaye kazi yake ilikuwa kukunja na kufunga, wote pale walimwita Mkunjaji. Siku ya nne simu ililia mfukoni mwa aproni.

"Chiriku! Afadhali umepokea," mwanamume akasema. "Mwandaaji hapa."

Mama akafungua mdomo aseme kwamba yeye ni mama mtu. Lakini yule hakumpa nafasi.

"Usijitambulishe, sauti yako naijua hata ukikohoa. Nataka neno moja tu, dada. Unaimba au huimbi?"

Ni kweli sauti zao zilifanana kwenye simu. Hata shangazi mtu alikuwa akichanganya. Mama alibaki na pasi mkononi, mvuke unampanda usoni, na mbele yake haukuwepo ukumbi wala jukwaa, zilikuwepo zile punje mbili za mchele. Akamwona mtoto wake anapanda kuimba wiki ya saba kidonda hakijakauka. Akamwona kitandani, kisu kinakuja.

"Siimbi," akasema.

"Wewe? Uliyeniganda miaka mitatu?"

"Nimebadili mawazo, kaka. Mpe mwingine."

"Haya. Mimi nimesikia kwa masikio yangu." Akakata.

Kola ya shati la watu ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya chai.

"We mama!" Mkunjaji akapiga kelele. "Kaka gani huyo wa kukuunguzia shati?"

"Nionyeshe namna ya kufuta simu iliyoingia. Isionekane."

"Ehee! Kwa umri huu? Na hayo magoti yanayolia kama bawaba?"

"Futa, acha maneno."

"Nafuta, nafuta. Ila harusini unialike, nije nikukunjie shuka."

Wakacheka mpaka bosi akachungulia. Mama naye alicheka, na ndicho kilichomchoma baadaye, kwamba aliweza kucheka.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Chiriku hakusema, lakini hakutulia pia. Anazunguka kutoka dirishani hadi jikoni, anagonga meza kwa vidole, midomo inakwenda na nyimbo zisizotoka. Chupa ya maji haikumwacha mkono. Mama akiingia tu mlangoni, daftari linamfikia kabla hajavua viatu.

*Kapiga?*

"Bado."

Kesho yake tena: *Kapiga?* Kesho kutwa hakuandika upya, alionyesha tu kwa kidole neno la jana. Ukurasa ule ulichakaa, ukatoboka. Mama akajiambia atasema mtoto akipona, maana akipona atakuwa na furaha, na mwenye furaha hakasiriki. Akajiambia daktari naye angefanya vile vile. Kazini alipiga pasi suruali moja mara mbili na nyingine akairudisha na mikunjo yake.

Wiki ya nne Chiriku akaandika: *Mpigie wewe. Sasa hivi.*

Mama akatoka na simu hadi uani, penye kamba za nguo. Akaiweka sikioni bila kubonyeza chochote. Binti alikuwa dirishani anamwangalia.

"Halo, baba," mama akaiambia simu iliyokufa. "Ndiyo. Ndiyo, anaendelea vizuri. Tunashukuru sana." Hata akatingisha kichwa, kama watu wafanyavyo kwenye simu.

Akarudi ndani. "Anasema tusubiri, orodha haijafungwa."

Chiriku akamkumbatia. Mama akasimama mikono chini kama mti, hajui aiweke wapi.

Wiki ya sita daktari akapitisha tena kamera. Punje hazikuwepo. Nyuzi zilikuwa nyororo kama utepe.

"Umenishinda," daktari akasema, na safari hii akacheka kidogo. "Sikutegemea mwimbaji ajue kunyamaza. Sasa sikiliza. Kwa siku dakika kumi za kuongea, kumi za kuimba. Uzihesabu kwa saa. Ukizidisha tutaonana tena, na sitacheka."

Neno la kwanza la Chiriku lilikuwa "Mama." Lilitoka chini, zito, kama linatoka kwenye mtungi. Wakatazamana. Haikuwa sauti ile ya zamani ya kuchiririka, lakini ilikuwa nzima, haina mkwaruzo hata mmoja. Mama akalia hapo hapo mbele ya daktari, na katika kilio hicho mlikuwa na furaha ya kweli na hofu ya kweli.

Njiani kurudi nyumbani, walipofika kona ya benki, ukutani pamebandikwa bango, gundi bado mbichi. Nyuso saba. Chiriku akazipitia kwa kidole, akarudia tena kuanzia mwanzo. Hakumuuliza mama kitu. Alimfungulia mkoba, akatoa simu yake, akapiga, akaweka spika.

"Mwandaaji? Chiriku hapa. Sijajiona kwenye bango."

"Nani?"

"Chiriku."

"Dada, acha utani. Chiriku nimeongea naye mwenyewe, na sauti yake naijua. Kasema haimbi. Nyie matapeli mmeanza kupiga kwa simu za watu sasa?"

Chiriku akageuka taratibu akamtazama mama yake. Watu walikuwa wanapita, mwingine kamgonga bega akaomba radhi, yeye hakusogea. Mama aliona kabisa kwamba angeweza kunyamaza. Mwanamume angekata simu, na kosa lingebaki la mwanamume. Sekunde mbili hivi alisimama hapo kwenye kunyamaza.

"Mwanangu," akasema kwenye simu, "usikate. Aliyesema haimbi ni mimi. Mama yake. Huyu ndiye Chiriku, sauti imebadilika kwa ugonjwa. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Upande wa pili mwandaaji akaguna. Kisha: "Kumbe! Ndiyo, ndiyo hii sauti. Mama, mama... Mimi karatasi naziogopa kwa ajili ya matapeli, kumbe tapeli mwenyewe ni mzazi?" Akahema. "Bango limeshachapwa, nafasi nimempa mtu. Nilichonacho ni saa kumi jioni, watu wanaingia na wengine bado wanatafuta viti. Dakika kumi na tano. Jina halitangazwi popote."

"Nakuja," Chiriku akasema, akakata.

Mama akaanza kumwaga maneno: hofu, kisu, punje za mchele, yeye ni mtoto wa pekee. Chiriku akainua mkono, akatazama saa.

"Nimebakiwa na dakika sita za kuongea leo," akasema. "Hizi siwezi kukupa."

Akatangulia. Na kwa siku zilizofuata, dakika zake kumi alizitumia kwa mpiga gitaa wake, kwa mwandaaji, kwa muuza maji wa pale mtaani. Nyumbani alisema kwa daftari. *Chumvi iko wapi. Nachelewa kurudi.* Wiki sita mama alivumilia kimya cha ugonjwa. Hiki cha sasa kilitoka kwa mtoto aliyepona, na kilimkosesha hata pa kukaa.

Siku ya onyesho Chiriku hakumkataza kwenda wala hakumwalika. Mama akanunua tiketi kama watu wengine, akasimama pembeni karibu na meza ya mitambo. Ukumbi ulikuwa nusu, viti vinaburutwa, watu wanapigiana miluzi. Chiriku akapanda na mpiga gitaa wake, bila kutambulishwa, akaanza na ile sauti mpya ya chini. Kwanza hakuna aliyegeuka. Katika wimbo wa pili viti viliacha kuburutwa.

Mama hakuusikia wimbo vizuri, alikuwa anaangalia saa. Dakika ya saba. Ya nane. Aliona mshipa wa shingo ya mwanawe umesimama, akapiga hatua moja kuelekea jukwaani. Ya tisa. Wimbo ukaisha na ukumbi ukalipuka. "Tena! Tena!" Mpiga gitaa, uso wote meno, tayari alikuwa ameshaanza mlio wa wimbo mwingine. Mama akafungua mdomo apige kelele, basi, mtoto, basi.

Chiriku alimshika mpiga gitaa mkono, nyuzi zikanyamaza. Akainama kwa watu, mkono kifuani, akateremka ngazi. Wengine wakazomea, wengine wakazidi kushangilia.

Mwandaaji alimkuta chini ya ngazi. "Una dakika tano na ushee bado! Wamewaka moto hao!"

"Najua. Nimezibakiza."

"Mwakani nakuweka usiku, usikie? Nipigie." Akamwona mama anakaribia. "Upige wewe, lakini."

Chiriku akaanza kukunja waya za spika yake. Mama akainama upande wa pili akakunja naye, kiwiko na mkono, kiwiko na mkono.

"Koo linauma?"

Binti akatazama saa yake. Akakaa kidogo kama anayepiga hesabu.

"Haliumi," akasema kwa mdomo wake. "Mama, mwezi ujao nahamia kwangu. Nimeshapata chumba."

Mama alikuwa na maneno mengi, juu ya kodi, juu ya baridi, nani atamchemshia maji ya moto asubuhi. Akayatafuna yote. Akauliza tu chumba hicho kina dirisha upande gani, na akangoja ajibiwe.