Pindo la Nguo ya Saba

Katika studio yetu kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: Girum hamgusi mwanamitindo. Akitaka bega lishuke, anashusha la kwake. Akitaka nyonga itokeze, anaitoa ya kwake, mwanaume wa miaka arobaini na sita mwenye kitambi, na wasichana hucheka, na mara nyingi cheko hilo ndilo linaloingia kwenye picha. Unywele ukianguka usoni, haendi kuutoa. Husema, "Elfe, unywele," nami huingia kwenye mwanga, nauweka sawa, natoka.

Sheria niliiweka mimi. Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa mimi niliyesimama mbele ya lenzi yake, nikitangaza viatu. Siku ya kwanza alizungumza bila kukoma, kama anavyozungumza na kila mtu. Siku ya pili, kati ya jozi ya nne na ya tano, alinyamaza. Siku ya tatu alikuja kuniwekea sawa hereni, ingawa kilichokuwa kinauzwa ni viatu. Mwaka haukwisha tukafunga ndoa. Kwa hiyo naijua dalili yake. Si tabasamu wala mzaha. Ni kimya.

Watu wanatuamini kwa sababu ya sheria hiyo. Akina mama huwaleta binti zao kwetu, mtaa wa Arat Kilo, hupanda nao ngazi hadi ghorofa ya tatu, wakaniona mimi nimekaa na pini zangu mdomoni, kisha huwaacha na kwenda zao.

Kazi ya Etiye Askale ilikuja wiki ya tano ya mfungo mkuu. Anauza nguo za harusi katika soko la Shiro Meda, amefiwa na mume zamani, na kila mtu pale sokoni humwita Etiye, shangazi, hata wanaomzidi umri. Wakati wa mfungo hakuna anayeoa. Pasaka ikipita, wanaoa wote kwa mkupuo, na kijitabu cha picha lazima kiwe dukani kabla ya hapo. Nguo kumi, siku moja. Mwanamitindo alimchagua mwenyewe.

Ningefurahi kama msichana huyo, Rediet, angekuwa mzembe. Alifika robo saa kabla, na ndala zake mwenyewe kwenye mfuko. Hakujipaka manukato, kwa sababu manukato hayatoki kwenye pamba. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wa tatu wa masomo ya ufamasia, na karo alijilipia kwa kazi hii hii. Rediet alimwita Girum kaka, na mimi aliniita dada. Hakumtazama Girum ila pale alipotakiwa kutazama lenzi. Nina hakika, kwa sababu niliangalia. Niliangalia asubuhi nzima.

Girum hakuwa amekula. Hufunga hadi saa tisa alasiri. Mfungo wetu unazuia nyama, maziwa na mayai, na kwa wanandoa wanaoufuata kwa dhati unazuia jambo jingine pia. Girum huufuata kwa dhati. Ilikuwa siku ya thelathini na mbili.

Nguo sita za kwanza zilikwenda vizuri. Girum aliongea kama redio. Alimwambia Rediet asimame kama mtu aliyeambiwa chakula kiko tayari lakini bado wanaomba. Rediet akamjibu kwamba saa ile, kwa njaa aliyokuwa nayo, sala ingekuwa fupi mno. Girum akacheka, nami nikacheka. Hadi hapo sina la kulalamikia.

Nguo ya saba ilikuwa ndiyo nguo ya kijitabu chote, ile ya jalada. Pamba nyeupe ya kusokotwa kwa mkono, msalaba wa dhahabu kifuani ukishuka hadi miguuni, na netela yake, mtandio mwepesi unaopitisha mwanga. Nilimvisha kama Etiye Askale alivyotaka: netela imelala kwenye viwiko, pindo limening'inia chini, bega la kushoto wazi. Rediet akaingia kwenye mwanga. Girum akainua kamera, akasema, "Kidevu," na hakusema kitu kingine.

Nilitazama saa ya ukutani. Dakika moja. Tatu. Kamera tu ndiyo iliyosikika. Rediet alikuwa akigeuka polepole, anashusha macho, anayainua, bila kuelekezwa, kwa sababu anaijua kazi yake. Dakika ya saba niliingia kwenye mwanga bila kuitwa. Nikaishika netela kwa ncha zote mbili, nikaipandisha mabegani na kuizungusha shingoni hadi bega lile likafunikwa.

"Una baridi," nilimwambia.

"Sina baridi, dada."

"Utakuwa nayo."

Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikatoka. Girum aliendelea kupiga.

Kesho yake Etiye Askale alipanda ngazi zetu akipumzika kila ghorofa, akaketi mbele ya kompyuta na kuvaa miwani. Nilimkaangia kahawa mwenyewe. Nguo ya kwanza hadi ya sita alizisifu kwa namna yake, yaani hakuzikosoa. Tulipofika ya saba akasogeza kiti karibu. Girum akapitisha picha moja, ya pili, ya tatu.

"Nani kafa?" akauliza Etiye Askale.

Girum hakuelewa. Mimi nilielewa kabla hajamaliza kusema.

"Nauliza nani kafa. Nimewapa bibi harusi, mnanirudishia mfiwa."

Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua jambo hili. Siku ya furaha, pindo la netela huning'inia chini ambako watu wataliona. Msibani hupandishwa juu, likazunguka shingo na kukaa karibu na uso. Bibi harusi wa jalada alikuwa amevaa pindo la dhahabu shingoni kama mjane anayelisindikiza jeneza, na alikuwa hivyo katika picha zote zilizofuata. Za kabla ya hapo zilikuwa za uso na bega tu, nguo yenyewe haionekani.

Girum aliisogelea skrini. Mtu huyu aliwahi kurudisha nguo kwa mfumaji kwa sababu ya uzi mmoja uliolegea. "Sikuona, Etiye," alisema. "Kosa ni langu."

"Wewe ni mwanaume, utaona nini? Msichana ndiye anayejua alichovaa. Au kwao hawajawahi kuzika mtu? Mabinti wa siku hizi wanajua simu tu." Alisema hatamtumia tena, na kwamba wenzake wa Shiro Meda wataambiwa wasimtumie, kwa sababu msichana asiyejua pindo atawatia aibu mbele ya wateja. Maduka yale yamebanana ukuta kwa ukuta. Neno likisemwa asubuhi mwanzo wa mtaa, jioni liko mwisho wake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Etiye Askale alikaa dakika ishirini zaidi, akanywa kahawa vikombe viwili, akakataa cha tatu, na cha tatu hakikataliwi ila na aliyekasirika. Dakika ishirini ni nyingi. Nilizitumia kupanga vikombe. Nilichokuwa nacho moyoni ni raha, na siwezi kukiita jina jingine. Msichana alikuwa anaondoka katika chumba chetu bila mimi kuinua kidole.

"Nitazungumza naye," nilisema mlangoni.

"Usijisumbue," alisema. "Mwambie tu abaki na dawa zake."

Girum alitoka kumsindikiza hadi barabarani. Nikabaki na kompyuta. Nilikuwa nataka ushahidi dhidi ya Girum. Nilitaka kuhesabu ni picha ngapi alizopiga bila kuona kitu ambacho bibi wa miaka sabini alikiona kwa kufumba na kufumbua. Zilikuwa arobaini na tatu. Nikarudi nyuma kutafuta ya kwanza, na mara tu kabla yake kulikuwa na picha moja ambayo sikuitegemea. Girum alikuwa amebonyeza nikiwa bado ndani ya mwanga. Sura yangu haimo, lakini mkono umo, na pete yangu imo, na vidole vinalibana pindo chini ya kidevu cha Rediet. Vinalibana kwa nguvu. Yeye hatazami kamera, ananitazama mimi, na uso wake ni wa mtu anayetaka kuuliza swali.

Ningeweza kuifuta. Ni picha isiyo na kazi, haina hata mwanga mzuri, na mimi ndiye ninayefuta zisizo na kazi. Niliiacha kwenye skrini na kumsubiri.

Girum alirudi, akaiona, akavuta kiti cha Etiye Askale na kuketi.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Nilikuona ukiingia. Sikuona ulichofanya."

"Arobaini na tatu, Girum."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Unajua nilikuwa natazama nini." Alisema bila kupandisha sauti. "Sijamgusa, Elfe. Sijamwambia neno."

"Ndiyo maana najua."

Hakukataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukanusha kwake, nilikuwa na majibu matatu tayari, na hakunipa nafasi ya kulitumia hata moja. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama nitamwacha msichana aubebe mzigo huu. Nikamwambia asijifanye mtetezi wake. Akasema hamtetei, anauliza kwa sababu mkono ule si wa Rediet. Hapo hakukuwa na la kubishana. Mkono ulikuwa mbele yetu, na pete aliinunua yeye.

Asubuhi nilikwenda Shiro Meda peke yangu. Nilimkuta Etiye Askale akikunja nguo juu ya meza, nikamwambia nikiwa bado nimesimama kwamba pindo nililipandisha mimi, msichana hakuhusika.

"Wewe?" Aliacha kukunja. "Wewe unavisha watu tangu lini?"

"Miaka kumi na moja, Etiye."

"Na ukafanya hivyo kwa nini?"

Nilifikiria kusema nilichoka, au kwamba njaa ya mfungo ilinizidi. "Bega lake lilikuwa wazi," nilisema, "na mume wangu alikuwa amenyamaza."

Alinitazama juu ya miwani. "Basi ungemfunika macho mumeo," alisema. "Nguo yangu imekukosea nini?" Kisha akarudi kwenye kukunja. Alitaka nguo ya saba ipigwe upya Jumamosi, na msichana yule yule, kwa sababu vipimo ni vyake. Kuhusu wenzake wa sokoni alisema alikuwa amemwambia mmoja tu, na kwamba atamweleza ukweli. Sikuamini kwamba ni mmoja, nikabaki nje ya duka hadi nilipomwona akivuka barabara, akaingia duka la kwanza, la pili na la tatu.

Nilimpigia Rediet simu nikiwa pale pale nje. Nilimweleza yaliyotokea kwa mpangilio wake: nilichofanya, lililosemwa juu yake, na mimi kunyamaza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Niliona pindo, dada," alisema. "Nilitaka kukwambia. Nikakuangalia usoni, nikaona hili si la kuambiwa."

Nikamwambia ningeshukuru kama angesema.

"Ungeshukuru leo. Siku ile ungenichoma pini."

Akasema atakuja Jumamosi kwa sababu kazi ni kazi, lakini ana sharti. "Anivishe mtu mwingine," alisema, "na wewe usiwepo ndani." Halafu akaongeza, kwa adabu ile ile ambayo nilikuwa nimeitafutia kasoro asubuhi nzima na kuikosa, kwamba si mimi tu nisiyeonwa na mume wangu, hata yeye Rediet haonwi. Girum anaona picha tu, na yeye Rediet amezoea kutazamwa hivyo na watu wa aina ile, anarudi nyumbani, anasoma. Hilo alilijua yeye au alitaka kuniliwaza, sina njia ya kuthibitisha. Nilikubali sharti.

Jumamosi Etiye Askale alikuja kumvisha mwenyewe. Alipanda ngazi, akanikuta nimekaa kwenye kipandio cha mwisho, akanipita bila kunitania, na hiyo ilikuwa hisani kubwa kutoka kwake. Girum alitoka mara moja kuchukua maji. Aliporudi aliniwekea mkono kichwani, akaingia. Mlango wetu ni wa chuma. Nilikaa nje saa nzima na dakika kumi, na kilichokuwa kinasemwa ndani, au kutosemwa, sikukisikia.

Walitoka Rediet na Etiye Askale pamoja, wakizungumzia mtihani wa Rediet. Rediet aliniaga kwa kuinamisha kichwa na kusema "dada", nikamrudishia. Nikaingia.

Girum alikuwa anakunja nyaya za taa. Picha zilikuwa tayari kwenye kompyuta, mia moja na saba. Kuchagua ni kazi yangu, na kijitabu kilikuwa kinasubiriwa na mchapaji jioni ile. Nilianza na pindo: lilikuwa chini katika kila picha, limenyooka, dhahabu yake imeshika mwanga. Kisha nikatazama bega, nikatazama mikono, na mwisho uso, kwa mpangilio nilioujua. Nilitoa tisini. Nikatoa kumi na mbili. Zilibaki tano, na kati ya hizo tano mtu yeyote mwenye macho angeona ni ipi. Rediet ameinua macho ghafla, anamtazama aliyesimama nyuma ya kamera, na hakuna anachokificha. Katika miaka kumi na miwili Girum hajapiga picha nzuri kuliko ile. Na hata zile alizonipiga mimi nazihesabu.

Nilitafuta sababu ya kuikataa. Niliikuza hadi nyuzi za pamba zikaonekana moja moja. Haikuwa na kasoro.

"Umepata?" aliuliza Girum, mgongo ukiwa kwangu.

"Nimepata," nilisema, nikaiwekea alama ya jalada.